Kikohozi Chenye Majina Mawili

Tumezoea kuutaja utamaduni wa taifa kwa ngoma zake, mashairi yake, mavazi yake na majengo yake ya kale, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini liko jambo jingine ambalo nalo ni la utamaduni, ingawa halichezwi wala haliimbwi: ni jinsi watu wanavyoyapa maradhi yao majina, na wanavyotenda wakishapata jina. Mtu akikohoa usiku katika nyumba yoyote ya nchi hii, waliomo humo huwa wamekwisha kukipa kikohozi kile jina kabla ya kupambazuka. Katika makala haya tunakusudia kueleza habari za ugonjwa mmoja ambao umewaangamiza wengi kwa kuwa uliitwa jina la mwenziwe, nao ni saratani ya mapafu. Tutaueleza kwa njia ya historia, kwa maana thamani ya kuugundua mapema haifahamiki vizuri mpaka mtu ajue ni mara ngapi ulimwengu umechelewa.

Tuanze na jina lenyewe. Lugha yetu ina maneno mawili ya ugonjwa huu. Saratani tumelipata kwa Waarabu. Kansa tumelipata kwa Waingereza, ambao nao walilichukua katika Kilatini. Yamefika kwa njia mbili, moja kwa jahazi na jingine kwa meli ya moshi, lakini maana yake ni moja: kaa, yule mnyama wa ufukweni atambaaye upande. Waganga wa Kiyunani wa kale ndio waliouita hivyo, kwa kuwa waliiona mishipa iliyovimba ikitanda kuuzunguka uvimbe mithili ya miguu ya kaa. Msomaji aijuaye lugha atakumbuka kwamba kwetu sisi kaa ni mnyama, na kaa ni kipande cha moto kilichofukiwa majivuni pia. Wayunani hawakuwa na maana hii ya pili, nasi twaona ndiyo iufaayo zaidi ugonjwa wa mapafu. Nyama ya pafu yenyewe haisikii maumivu. Uvimbe waweza kukua ndani yake kwa muda mrefu pasipo mwenyewe kuhisi kitu, mpaka ufikie utando unaolifunika pafu, au mbavu, au njia kubwa ya hewa. Hapo ndipo mtu husema kifua kinamchoma. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika ugonjwa huu mara nyingi mvua hutangulia.

Watu wa kwanza kuuawa na ugonjwa huu kwa wingi, kwa kadiri habari zilivyoandikwa, hawakuwa wavutaji wa sigara bali wachimba madini. Katika mji wa Schneeberg, Ujerumani, wanaume walishuka mashimoni kizazi baada ya kizazi, na kizazi baada ya kizazi walikufa kwa kukohoa. Wenyewe waliuita ugonjwa wa mlimani. Mwaka 1879 madaktari wawili, Härting na Hesse, walieleza baada ya kuipasua miili ya wachimbaji waliofariki kwamba kilichowaua kilikuwa ni uvimbe wa saratani ndani ya mapafu. Baadaye sana ikajulikana kuwa chanzo chake ni gesi ya radoni, itokayo katika miamba yenye urani. Basi jina lile la ugonjwa wa mlimani halikuwa uongo, maana ni kweli ulitoka mlimani. Kosa lake ni kwamba liliwatosheleza watu, na mtu aliyetosheka haendi kutafuta.

Nje ya migodi ulikuwa ugonjwa adimu. Mwaka 1912 Isaac Adler, daktari wa New York, alitoa kitabu kizima juu ya uvimbe wa mapafu, na ilimbidi aanze kwa kujieleza kwa nini amejishughulisha na jambo dogo namna ile. Katika maandiko yote ya utabibu aliweza kukusanya habari za wagonjwa 374 tu. Kwa hesabu ya mwaka 2022, watu karibu milioni 2.5 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hiyo mwaka huo mmoja, na kiasi cha milioni 1.8 walikufa kwayo. Hakuna saratani nyingine iuayo watu wengi kuliko hii.

Kilichotokea katikati ya tarakimu hizo mbili ni sigara. Tumbaku yenyewe ni ya zamani kwetu. Ilitoka Amerika, ikafika pwani za Afrika katika zama za Wareno, na babu zetu waliivuta kwa kiko, wakainusa kuwa ugoro, wakaitafuna. Lakini kiko kina taratibu zake: hujazwa, huwashwa, hupokezanwa, na moshi wake ni mkali hata si rahisi kuumeza mpaka ndani ya kifua. Sigara ilikuja na moshi laini unaomezwa, tena ikaja kwa wingi usiopata kuonekana. Katika miaka ya 1880 mashine ya Mmarekani aitwaye Bonsack iliweza kusokota sigara zaidi ya 100,000 kwa siku moja. Zikafuata Vita Kuu mbili, ambamo askari wa mataifa mengi walipewa sigara pamoja na posho yao ya chakula, wakarudi makwao nayo.

Wala haifai kuizungumza tumbaku kana kwamba ni ya watu wengine. Wakulima wa Songea walikuwa na chama chao cha ushirika wa tumbaku, NGOMAT, tangu mwaka 1936. Huko Urambo, ambako mpango wa karanga wa Waingereza ulianguka baada ya Vita vya Pili, tumbaku ndiyo iliyokuja kusimama mahali pa karanga. Wako walimu, na huenda baadhi yao wakayasoma makala haya, ambao karo zao zililipwa kwa majani hayo. Hatusemi hivi ili kumlaumu mkulima, ambaye alilima alichoambiwa kina soko.

Kati ya kuvuta na kuugua hupita miaka ishirini, thelathini au zaidi, na urefu huo ndio uliowachelewesha wataalamu. Mjerumani Franz Hermann Müller wa Köln alionyesha mwaka 1939 kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji wakubwa kuliko watu wengine, lakini vita ikayafunika maneno yake. Mwaka 1950 Doll na Hill wa Uingereza, na Wynder na Graham wa Marekani, walitoa taarifa zao karibu kwa wakati mmoja, na baada ya hapo asiyejua alikuwa ni asiyetaka kujua. Doll alikuwa akidhani kuwa pengine chanzo ni lami ya barabara au moshi wa magari. Hesabu zilipompinga, aliacha kuvuta sigara yeye mwenyewe.

Hapa twaomba tukae kidogo na huyo Graham, kwa sababu kisa chake kinatufaa kuliko jedwali lolote. Evarts Graham alikuwa daktari mpasuaji katika mji wa St. Louis. Tarehe 5 Aprili 1933 alimpasua daktari mwenziwe kutoka Pittsburgh, James Gilmore, mwenye umri wa miaka 48, ambaye uvimbe wake ulikuwa umekwisha kuonekana katika njia ya hewa kwa kifaa kilichopitishwa kooni. Graham alikusudia kutoa sehemu tu ya pafu. Alipofungua kifua aliona sehemu haitatosha, akalitoa pafu zima la kushoto kwa mara moja, jambo ambalo hapana mgonjwa wa saratani aliyekuwa amelipata akapona. Gilmore alipona. Alirudi kazini akaishi miaka 30 kwa pafu moja, akafariki mwaka 1963.

Graham alikuwa mvutaji mkubwa. Wynder, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi tu, alipomletea wazo la kuwahoji wagonjwa juu ya sigara, mwalimu hakuliamini sana. Hata hivyo alimpa ruhusa na msaada, na jambo hili twapenda walimu walione. Hesabu zilipotoka aliziamini, akaacha sigara. Lakini mapema mwaka 1957 alijisikia vibaya kama mtu mwenye mafua makali. Alipopimwa ilionekana kuwa saratani imo katika mapafu yote mawili, na yeye aliyeufungua mlango wa upasuaji wa ugonjwa ule hakuwa na mlango wa kupitia. Alifariki tarehe 4 Machi 1957. Mgonjwa wake akaishi baada yake miaka 6. Ni kweli kwamba saratani za mapafu hazifanani, ziko ziendazo polepole na ziko ziendazo mbio, wala hatuwezi kusema kwamba kuwahi peke yake kungalimwokoa. Lakini mmoja alionekana uvimbe wake ungali mahali pamoja, na mwingine alionekana wake ulipokwisha kuenea.

Miaka michache kabla ya hapo ugonjwa huu ulikuwa umeingia katika kasri ya mfalme, nao ukafichwa huko vilevile kama ufichwavyo vibandani. Tarehe 23 Septemba 1951 Mfalme George VI wa Uingereza, ambaye picha yake ilitundikwa katika ofisi za serikali huku kwetu Tanganyika na Kenya, alitolewa pafu la kushoto. Raia waliambiwa kuwa yamekuwako mabadiliko katika umbo la pafu lake. Neno saratani halikutamkwa, na yaandikwa kwamba hata yeye mwenyewe hakuambiwa. Alifariki usingizini tarehe 6 Februari 1952, na kilichotajwa ni damu iliyoganda katika moyo. Binti yake, aliyeurithi ufalme saa hiyo, alikuwa ziarani Kenya, upande wa Nyeri. Hivyo habari ya kifo kile ilimfikia mrithi wake katika ardhi ya Afrika Mashariki, lakini habari ya ugonjwa haikuja nayo.

Tangu Röntgen alipovumbua mionzi ya eksirei mwaka 1895, watu walitumaini kuwa sasa kifua kimekuwa dirisha. Kwa ajili ya kifua kikuu dirisha hilo lilifaa sana. Mwaka 1957 katika mji wa Glasgow, kwa muda wa wiki 5, watu zaidi ya 700,000 walipigwa picha za kifua ili kuwatafuta wenye kifua kikuu. Ilidhaniwa basi kwamba wavutaji nao wakipigwa picha mara kwa mara saratani itakamatwa ingali changa. Jambo hilo likajaribiwa kwa uangalifu. Katika hospitali ya Mayo, Marekani, kuanzia mwaka 1971, wanaume wavutaji zaidi ya 9,000 waligawanywa makundi mawili. La kwanza walipigwa picha na kupimwa makohozi kila baada ya miezi 4. Uvimbe ulionekana zaidi katika kundi hilo. Lakini mwisho wa hesabu vifo vilikuwa sawa. Jaribio jingine kubwa zaidi la Marekani, lililotangazwa mwaka 2011, lilitoa jibu lilelile juu ya eksirei.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Picha ya eksirei ni kivuli. Mbavu, moyo na mishipa yote huangukia ubao mmoja, na uvimbe mdogo hujificha nyuma yao kama mtoto nyuma ya mlango. Ilihitajika mashine ya kukipiga kifua picha vipande vipande, mfano wa mkate uliokatwa, ili kila kipande kitazamwe peke yake. Mmoja wa waliofikiria hesabu za mashine hiyo alikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo lilimjia alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town mwaka 1956. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliiunda mashine, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London mwaka 1971. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Ndiyo mashine tunayoiita siti-skani.

Mwaka 1999 Claudia Henschke na wenzake wa New York walieleza kuwa katika wavutaji 1,000 waliowapima, siti-skani ilionyesha saratani 27 mahali ambapo eksirei ilionyesha 7 tu, na nyingi katika hizo 27 zilikuwa bado changa. Lakini ulimwengu ulikwisha kudanganyika mara moja kwa kuona, ukataka kuhesabu vifo. Wamarekani wakawachukua watu zaidi ya 53,000 wa umri wa miaka 55 hadi 74, waliovuta kiasi cha paketi moja kwa siku kwa miaka 30, wakawapima mara moja kila mwaka kwa miaka 3, nusu kwa siti-skani na nusu kwa eksirei. Mwaka 2011 jibu likatoka: katika kundi la siti-skani vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20. Mwaka 2020 jaribio la Uholanzi na Ubelgiji lilionyesha kupungua kwa asilimia 24 miongoni mwa wanaume. Tangu alipoandika Adler ilikuwa imepita karibu miaka 100.

Sasa turudi nyumbani, ambako habari hii ina sura nyingine. Sisi kikohozi tulikijua kwa jina la kifua kikuu, na tulikijua vizuri. Robert Koch, aliyetangaza mwaka 1882 kuwa amekiona kijidudu cha kifua kikuu, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 kuchunguza malaria. Mwaka huohuo Wajerumani walifungua hospitali yao ufukweni, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mwaka 1926 ilianzishwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro. Baada ya Uhuru maradhi yalihesabiwa kuwa mmoja wa maadui watatu pamoja na ujinga na umaskini, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wanavijiji mbele ya redio zao wajifunze juu ya afya zao. Mwaka 1977 ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ambamo daktari Karel Styblo alishirikiana na Watanzania kuweka utaratibu ambao dunia ilikuja kuuiga: makohozi yatazamwe kwa hadubini, mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mtu, na waliopona wahesabiwe mmoja mmoja. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilizipelekea nchi nyingine utaratibu huo. Si mara nyingi dunia imekuja kusoma kwetu, na hii ilikuwa mara moja.

Kutokana na kazi hiyo taifa zima lilipata tabia njema: mtu akikohoa wiki mbili, aende akapimwe kifua kikuu. Hatuna neno la kuipunguzia tabia hiyo heshima. Lakini ndani yake pamejificha mtego. Kikohozi kisichokwisha, makohozi yenye damu, kukonda, homa za jioni, kuhema: dalili hizi ni za kifua kikuu, na karibu zote ni za saratani ya mapafu pia. Katika picha ya eksirei kivuli cha moja chaweza kufanana na cha nyingine. Basi mahali ambapo kifua kikuu ni kingi, mwenye saratani huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na miezi hupita. Waganga wa Schneeberg walikuwa na mlima wao. Sisi tuna kifua kikuu.

Tulipokuwa kijana katika ofisi moja ya Serikali mkoani, masjala ilikuwa chini ya mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Mzee, hata mkuu wetu. Alilijua kila jalada lilipo, na akiambiwa jalada limepotea alisema, "Halijapotea, mwanangu. Limewekwa penye jina la jingine." Alijifunza sigara katika Jeshi la Kujenga Taifa, naye hakuiacha. Mwaka 2005, wakati wa masika, alianza kukohoa. Tulipomwuliza alisema ni baridi. Baada ya mwezi alikwenda kupimwa katika hospitali moja; makohozi yake yalitazamwe mara tatu, wala hapakuonekana kijidudu. Akapigwa picha, kikaonekana kivuli upande wa kulia, juu. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu.

Twataka tuseme kwa haki. Waliomtibu hawakuwa wazembe. Mashine ya kupima chembe za urithi za kijidudu, ambayo hutoa jibu kwa saa mbili, Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010. Wakati ule haikuwako. Wako wagonjwa wengi wa kifua kikuu ambao makohozi yao hayaonyeshi kitu, na kuwanyima dawa ni kuwaua. Lakini swali la pili halikuulizwa: ikiwa si hiki, ni nini? Wala sisi ofisini hatukuliuliza. Tulimpongeza kwa kumeza dawa bila kukosa. Sauti yake ilipoanza kukwama tulimtania kuwa amekuwa redio iliyokwisha betri, naye akacheka nasi. Hatukujua kuwa sauti kukwama hivyo yaweza kuwa ni uvimbe ulioshika mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye koo.

Kugundua mapema, kwa nchi kama yetu, hakuwezi kuwa ni kuiga tu waliyofanya Wamarekani. Katika jaribio lao lile lenye mafanikio, katika kila picha 100 zilizotiliwa shaka, 96 hazikuwa na saratani. Na ili kuokoa mtu mmoja ilibidi wapimwe 320. Huku kwetu, ambako vifua vingi vina makovu ya kifua kikuu cha zamani, vivuli vya kutia shaka vingekuwa vingi zaidi, na kila kivuli ni hofu, nauli, na pengine sindano kifuani. Siti-skani zimefika katika hospitali za rufaa za mikoa katika miaka ya karibuni, nalo ni jambo la kushukuru, lakini mashine haijui ni nani wa kuletwa mbele yake. Anayejua ni yule amwonaye mgonjwa wa kwanza: mhudumu wa zahanati, mwalimu, mke, karani wa meza ya pili.

Huyo ana mambo machache tu ya kukumbuka. Makohozi yakipimwa yasionyeshe kitu, kazi haijaisha. Dawa za kifua kikuu zikimezwa sawasawa na mgonjwa asipate nafuu, au kivuli katika picha ya pili kisipungue, haifai kungoja dozi iishe. Apelekwe mbele, apigwe siti-skani, apitishwe mpira mwembamba wenye taa kooni, kipande cha nyama kichukuliwe kikatazamwe. Mtu aliyepata kuugua kifua kikuu na kupona, naye akiwa mvutaji, asiambiwe bila kupimwa kwamba kimerudi. Wala asiyevuta asidhani kuwa amekingwa. Wataalamu wa kimataifa wa saratani wameuhesabu moshi wa kuni ndani ya nyumba miongoni mwa mambo ambayo yaelekea kusababisha saratani ya mapafu, na ni nani asiyewajua mama zetu waliopika miaka 40 katika jiko lisilo na dirisha?

Liko na jambo la mwisho, ambalo ni la utamaduni hasa. Watu husema saratani haina dawa, kwa hiyo hakuna haja ya kuitafuta. Maneno hayo yamejithibitisha yenyewe: kwa kuwa hawatafuti, wanaipata imekwisha kuenea; na kwa kuwa imeenea, wanakufa; na jirani akiona wamekufa, naye hatafuti. Katika hesabu za Marekani, wanaogunduliwa uvimbe ungali ndani ya pafu peke yake, zaidi ya nusu huwa hai baada ya miaka 5. Wanaogunduliwa umekwisha kufika mbali katika mwili ni kiasi cha mmoja katika kumi. Ugonjwa ni uleule.

Mzee wa masjala alimaliza dozi yake mwanzoni mwa mwaka 2006 akiwa amekonda kuliko alivyoianza. Alipopelekwa Dar es Salaam nyama ilichukuliwa, na jina la kweli likapatikana, lakini lilikuwa limekwisha kufika kwenye ini na mifupa ya mgongo. Aliishi wiki 7.

Siku ya arobaini tulikwenda nyumbani kwake. Mjane wake alikuwa amezihifadhi picha zote za eksirei katika bahasha ya kaki, kama mumewe alivyomfundisha kuhifadhi karatasi. Mpwa wa marehemu, ambaye alikuwa akisomea udaktari, aliitoa ile ya kwanza, ya mwaka 2005, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akamwita shangazi yake, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Kivuli kilikuwa kidogo, mviringo, hakijazidi shilingi, nacho kilikuwa peke yake.